Wagonjwa wako wapi? Kuisoma postikadi ya kale ya Vichy

Kwa anayekusanya postikadi za kale za Ufaransa, mji wa Vichy haukwepeki. Fungua sanduku lolote la kadi zilizochapwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na muda si mrefu utakutana nao: njia pana chini ya miti, mabibi wenye kofia kubwa na miavuli ya jua, mabwana wenye bakora, viti vya chuma vimezunguka jukwaa la muziki. Kadi nyingine zinaugeukia mto Allier, zikaonyesha daraja, bustani ya ukingoni na nyumba za kifahari nyuma ya miti. Pembeni pa picha kuna jina la mji, jina la mahali na namba ya kadi katika mfululizo wa mchapishaji.

Sasa kumbuka kwamba wengi wa watu hao wamekuja kutibiwa. Vichy ulikuwa mji wa ini lililovimba, tumbo lisilosaga chakula, jongo, kisukari, mawe ya nyongo na ya figo. Mbona basi picha nzima inafanana na sikukuu? Hakuna machela, hakuna nesi, hakuna aliyejikunja kwa maumivu. Ni rahisi kudhani mpigapicha aliwaficha wagonjwa. Hakuwaficha. Wako mbele yetu, na kinachotuzuia kuwaona ni kwamba hatujui tiba yenyewe ilifanyikaje. Tuanze na maji.

Vichy uko katikati ya Ufaransa, kaskazini mwa nyanda za juu za Massif Central, eneo lenye volkano zilizolala. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa za miamba, hushuka kina kirefu, hupashwa na joto la ardhi, kisha hukutana na gesi ya kabonidayoksaidi inayopanda kutoka chini zaidi. Maji yenye gesi hiyo huula mwamba na kuyeyusha madini yake. Yanaporudi juu yamebeba takriban gramu 5 za madini kwa kila lita, na sehemu kubwa ni bikaboneti ya sodiamu. Aliyewahi kulamba magadi kidogo ili kutuliza kiungulia ameshaielewa nusu ya hoja ya madaktari wa Vichy: maji haya yanapunguza makali ya asidi tumboni. Nusu ya pili, kwamba yanaosha ini na kuyeyusha kila kilichoganda mwilini, ilikuwa na ushahidi mdogo na imani kubwa.

Chemchemi hazifanani. Chomel hutoka ikiwa na joto linalozidi nyuzi 40, Grande Grille iko karibu na 39, Hôpital inakaribia 34, na Célestins ni ya baridi. Kila moja ilipewa kazi yake. Grande Grille ilikuwa ya ini, Hôpital ya tumbo, Célestins ya figo na jongo. Mgonjwa hakuruhusiwa kujichotea anavyopenda. Alikwenda kwanza kwa daktari, akaandikiwa chemchemi ipi, kiasi gani na saa ngapi, na kwa kawaida tiba ilichukua siku 21. Maji ya moto yenye madini mengi hayanyweki kwa mkupuo, kwa hiyo aliandikiwa vipimo vidogo vidogo, na kati ya kipimo kimoja na kingine alitakiwa atembee.

Maneno hayo, atembee, ndiyo yanayoifungua picha. Mgonjwa wa Vichy alikuwa na glasi yenye mistari ya vipimo, ikiwa ndani ya kikapu kidogo cha kufumwa chenye mkanda. Chukua lenzi uipitishe taratibu juu ya umati kwenye kadi. Yule bwana aliyening'iniza kitu kama kijikapu, yule bibi aliyeshika kitu kifuani kwa uangalifu, hao wako kazini. Wanameza dawa kwa miguu. Ndani ya banda la chemchemi, kwenye kadi nyingine, utawaona wanawake waliovaa sare, kazi yao kujaza glasi za wageni na kuzirudisha. Hao ndio walio karibu zaidi na manesi katika mfululizo wote.

Kuanzia hapo majengo yanajieleza. Chemchemi kuu zilikuwa mali ya dola, na tangu 1853 zilikodishwa kwa kampuni moja, Compagnie Fermière de Vichy. Kampuni hiyo ilisimamia mabafu, ilijaza maji kwenye chupa, iliuza chumvi za maji hayo na zile pipi nyeupe za Vichy ambazo mkemia d'Arcet alizibuni mwaka 1825. Sasa piga hesabu kama mfanyabiashara. Mteja wako atakaa wiki tatu. Kwa siku ana glasi chache za kunywa na labda bafu moja. Saa zilizobaki afanye nini? Akichoka ataondoka, na mwakani atakwenda Ujerumani au Bohemia (Cheki ya leo), ambako miji ya chemchemi ilikuwa mingi na mahodari. Kwa hiyo kampuni ilimjengea kasino, iliyofunguliwa 1865. Mwaka 1903 mji ulipata jumba la opera, ukumbi mpya wa chemchemi, na jengo kubwa la mabafu lenye kuba la vigae lililoigiza usanifu wa Mashariki, kazi ya msanifu Charles Le Cœur. Kuzunguka bustani ya chemchemi pakawekwa vibaraza virefu vya chuma vilivyoezekwa, ambavyo sehemu yake ilitoka kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris ya 1889.

Vibaraza hivyo ndivyo ninavyovipenda kuliko kuba na opera. Kwenye kadi vinaonekana kama urembo mtupu, nakshi za chuma juu ya vichwa vya watu. Kumbe ni chombo cha tiba: mvua ikinyesha, dozi haikatiki, kwa sababu mgonjwa anaweza kutembea kutoka chemchemi hadi chemchemi bila kulowa.

Kuna jambo ambalo kadi nyingi hazilisemi. Mabafu ya Vichy yalikuwa na madaraja matatu, la kwanza, la pili na la tatu, kila moja na jengo na bei yake. Lililopigwa picha mara nyingi zaidi ni la kwanza, lile lenye kuba. Mtu wa daraja la tatu alikunywa maji yaleyale kutoka ardhi ileile, lakini mahali alipoogea hapakuwa pa kumtumia shangazi aliyeko Lyon kwenye postikadi.

Mto na mchanga wake

Tugeukie kadi za mtoni, maana hizi ndizo zinazowachanganya walioutembelea mji wenyewe. Leo Allier unapopita Vichy ni ziwa: maji mapana, yametulia, na watu wanapiga makasia. Kwenye kadi ya 1905 utaona kitu kingine kabisa, fungu la mchanga na kokoto, na vijito vyembamba vikipita katikati. Wapo wanaodhani kadi imeandikwa jina la mahali kimakosa.

Haikukosewa. Allier hushuka kutoka milimani hadi kuungana na Loire karibu na Nevers, na kwa hulka yake ni mto wa vipindi. Msimu wa tiba ulikuwa miezi ya joto, ambapo mto umepungua. Zikija mvua kubwa, huohuo mto ulifurika hadi mjini. Aliyeupa ukingo sura tunayoiona kwenye kadi ni Kaisari Napoleon III, aliyekuja Vichy kutibiwa mara tano kati ya 1861 na 1866. Kwa amri yake vilijengwa kingo za kuzuia mafuriko, na ardhi iliyookolewa kutoka mtoni ikageuzwa bustani yenye vijia vya kupindapinda. Yeye na watu wake walijengewa nyumba zinazotazama bustani hiyo. Reli ilifika 1862, na baada ya hapo wageni walimiminika.

Ziwa lilikuja baadaye sana, mwaka 1963, baada ya kujengwa bwawa lenye daraja juu yake upande wa chini wa mji. Hii ndiyo alama rahisi kuliko zote ya kukadiria umri wa kadi ya mtoni. Mchanga ukionekana, picha ni ya kabla ya 1963. Maji yakiwa yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo na mashua zimetulia juu yake, huenda ni ya baada yake, hata kama rangi zimechapwa kwa mtindo wa kizamani.

Mgongo wa kadi

Kwa umri ulio sahihi zaidi, geuza kadi. Ufaransa ilianza kutoa postikadi rasmi mwanzoni mwa 1873, lakini kwa miaka mingi mgongo wote ulitengwa kwa anwani. Ujumbe ulibanwa upande wa mbele, pembezoni mwa picha, na ndiyo maana kadi za mwanzo zina nafasi nyeupe chini au kando. Amri ya Novemba 1903 iliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari, ujumbe kushoto na anwani kulia, na tangu 1904 picha ikapata upande mzima. Waingereza walitangulia mwaka 1902, Wajerumani wakafuata 1905 na Wamarekani 1907. Kwa hiyo kadi ya Vichy yenye mgongo usiogawanywa ilichapwa kabla ya mabadiliko hayo, ingawa wenye maduka waliendelea kumaliza akiba yao ya zamani.

Stempu nayo inasema. Ile ya mwanamke anayepanda mbegu, iliyochorwa na Oscar Roty, ilianza kutumika 1903. Kadi yenye ujumbe wa kawaida ililipiwa sentimu 10. Mwandishi akijizuia kwa maneno yasiyozidi matano ya salamu, alilipa sentimu 5 tu. Ukikuta kadi ya Vichy yenye stempu ya kijani ya sentimu 5 na maneno mawili ya salamu na jina, usimhukumu mwandishi kuwa mchoyo wa mapenzi. Alikuwa akibana matumizi, na wiki tatu za hoteli zilikuwa zimeshamkamua.

Angalizo hapa: muhuri wa posta unakupa siku ya kutumwa, si siku ya kupigwa picha. Nyumba kubwa za Paris kama Lévy, zilizoweka herufi LL, na Neurdein, walioweka ND, zilitumia picha ileile miaka na miaka. Mitindo ya nguo husaidia kurekebisha makadirio. Kofia pana zenye manyoya za 1910 si vikofia vilivyobana kichwa vya 1925.

Rangi ndiyo shahidi mbaya kuliko wote. Picha zilipigwa nyeusi na nyeupe, kisha zikatiwa rangi kiwandani, kwa brashi au kwa mabamba ya kukata, na mtia rangi huenda hajawahi kuiona Vichy maishani mwake. Gauni jekundu katikati ya kadi halithibitishi kwamba kulikuwa na gauni jekundu. Mawingu mara nyingi yaliongezwa, na hata watu wakati mwingine walibandikwa ili njia isionekane tupu. Kadi za wakati huo nyingi zilichapwa kwa fototipi, yaani kwa kioo kilichopakwa jelatini inayobadilika ikiguswa na mwanga. Ukizitazama kwa lenzi huoni nukta zilizojipanga mistari. Unaona chembechembe zenye mikunjo isiyo na mpangilio. Ukiziona nukta zimejipanga sawasawa, shika pochi yako vizuri, maana huenda ni nakala ya juzi. Wanaokusanya kadi za Unguja zilizotoka kwa mpigapicha A. C. Gomes wanaujua mchezo huu.

Wageni waliotoka makoloni

Miongoni mwa wanaotembea chini ya vibaraza walikuwamo maofisa, askari, wakulima wa kizungu na wamisionari waliorudi kutoka Algeria, Afrika Magharibi, Indochina na Madagascar. Mji ulikuwa na hospitali ya kijeshi ya tiba ya maji, na miaka ya 1920 ikaongezwa nyumba ya kupokelea wamisionari wagonjwa. Iliaminika kwamba joto la nchi za tropiki huharibu ini la Mzungu, malaria huvimbisha bandama yake, na kwamba maji ya Vichy hurekebisha yote mawili. Serikali na waajiri walipanga hata likizo za watu wao kwa kufuata imani hiyo.

Kisayansi, hoja hiyo ilikuwa imeshatobolewa. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliviona vimelea vya malaria nchini Algeria mwaka 1880, na Ronald Ross akaonyesha dhima ya mbu mwaka 1897. Dawa iliyojulikana kufanya kazi ilikuwa kwinini. Hakuna glasi ya Grande Grille iliyowahi kuua kimelea kimoja. Lakini mgonjwa aliyetolewa kwenye mbu, akalala vizuri, akanyimwa pombe na mafuta kwa siku 21 na kutembezwa asubuhi na jioni, mara nyingi alipata nafuu kweli, na sifa zote zikaenda kwa maji. Kwa maoni yangu kampuni haikuhitaji kudanganya. Ilitosha kuacha mgonjwa ajisimulie mwenyewe kwenye kadi.

Wasioweza kusafiri hadi Ufaransa walitafuta Vichy ya karibu. Huko Madagascar, kwenye nyanda za juu za baridi kusini mwa Antananarivo, kuna mji wa Antsirabe, ambako wamisionari wa Norway walianza kuzitumia chemchemi za moto miaka ya 1870. Wafaransa walipoitwaa nchi walijenga hapo hoteli kubwa na mabafu, wakauita Vichy ya Madagascar, na bila shaka wakauchapia postikadi zake, zenye viti, bustani na mabibi wenye miavuli.

Hoteli zilizogeuka wizara

Halafu jina likachafuka. Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Ujerumani, na serikali ikakimbia kutoka Paris hadi Bordeaux, kisha Clermont-Ferrand, ambako haikupata vyumba vya kutosha. Siku za mwanzo za Julai ikahamia Vichy. Sababu zilikuwa za kiutendaji: mji haukuwa mbali na mpaka wa eneo lililokaliwa na Wajerumani, ulikuwa na reli ya kwenda Paris, ulikuwa na mtambo mzuri wa simu, na zaidi ya yote ulikuwa na hoteli nyingi kuliko mji mwingine wa ukubwa wake. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wenye ini bovu vikawa ofisi za wizara. Philippe Pétain, mkuu wa serikali hiyo iliyokuja kushirikiana na Wajerumani, alikaa Hôtel du Parc, inayotazama bustani ileile ya kadi. Tarehe 10 Julai, katika jumba la opera la kasino, wabunge 569 walipiga kura ya kumpa madaraka yote. Waliokataa walikuwa 80.

Wakati huo postikadi nayo ilibadilika sura. Tangu Septemba 1940 familia zilizotenganishwa na mpaka wa ndani ziliruhusiwa kuandikiana kwa kadi maalumu zisizo na picha, zenye maneno yaliyokwisha kuchapwa: mzima, amechoka, mgonjwa, amejeruhiwa, ni mfungwa, amefariki. Mwandishi alikata lisilohusika na kujaza jina.

Makoloni yaligawanyika. Chad, chini ya gavana wake Félix Éboué, ilijiunga Agosti 1940 na Jenerali de Gaulle, aliyeongoza Wafaransa walioendelea kupigana na Ujerumani, lakini Madagascar ilibaki upande wa Pétain. Waingereza, wakihofia Wajapani wasije wakaitumia bandari ya Diego Suarez, walishuka huko tarehe 5 Mei 1942, na Septemba wakaendelea kuiteka nchi iliyobaki. Katika awamu hiyo walikuwamo askari wa Keya, wale wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki. Antananarivo ilianguka mwishoni mwa Septemba, na mapema Oktoba kikosi chao kiliingia Antsirabe. Yaani vijana waliotoka huku kwetu waliutwaa mji wa chemchemi ulioigwa kutoka Vichy, katika vita dhidi ya serikali iliyokaa Vichy.

Wenyeji wa mji hadi leo hawapendi serikali ile iitwe kwa jina lao, na hoja yao ina uzito: hakuna aliyewauliza mwaka 1940. Lakini kilichoufanya mji ufae ni kilekile kilichojaza kadi, yaani vyumba vingi, simu, reli na vibaraza. Pigo la kibiashara lilikuja baadaye. Algeria ilipojitawala 1962, Vichy ulipoteza sehemu kubwa ya wateja wake wa kikoloni kwa mara moja, na mwaka uliofuata ukafungua ziwa lake, ukitafuta wageni wa michezo ya majini. Mwaka 2021 uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na miji mingine 10 ya chemchemi za Ulaya, ikiwamo Bath, Spa, Baden-Baden na Karlovy Vary.

Kuhusu bei, asikudanganye mtu. Kadi za bustani, kasino na kuba zilichapwa kwa wingi mno kiasi kwamba nyingi hazina thamani ya kutisha. Weka fedha yako kwenye zile ambazo mgeni wa wakati ule hakuwa na sababu ya kuzinunua: wanawake wa kiwandani wakijaza chupa, mabafu ya daraja la tatu, mto uliofurika, hospitali ya kijeshi.